Yule mshereheshaji aliyempokonya mwanangu maiki: mnamjua, na leo sinyamazi

Upepo wa Jioni (mwenye uzi):

Wakuu, ndiyo nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Nimetoka kwenye sherehe ya kufunga mwaka shuleni kwa mtoto na mikono bado inatetemeka. Simtaji mtu. Kumtaja kwa nini na wote mnamjua? Ni yule yule wa kila mwaka, mwenye suti inayong'aa kama bati jipya, anayewaambia wazazi "sijasikiaaa!" mpaka watu wazima wanapiga kelele kama wanakimbiza mwizi.

AMEMPOKONYA MWANANGU MAIKI. Katikati ya mshororo. Angesubiri basi ubeti uishe! Katikati ya mshororo, jamani.

Mtoto ana miaka 9. Shairi lina beti 6, kalitunga yeye na mwalimu wake wa Kiswahili. Wiki 5 nzima kalala nalo na kaamka nalo. Kalighani bafuni, kalighani akifunga kamba za viatu, kamghania paka mpaka paka akahamia kwa jirani. Mimi mwenyewe ukiniamsha saa 9 usiku nitakupa ubeti wa tano kabla sijakuuliza wewe nani.

Ratiba ilisema saa 3 asubuhi. Saa 2 na nusu tumeshakaa kwenye viti. Mgeni rasmi kaingia saa 6 kasoro, na watoto muda wote huo wamepangwa mistari juani kama matofali yanayosubiri kukauka. Sawa, tumevumilia. Hotuba ikaanza. Kuna mzazi alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Hotuba inaisha, yule mchanga anaomba apelekwe chooni mwenyewe. Tumevumilia. Huyo bwana wa bati naye, kati ya kila tukio na tukio, anatusimulia maisha yake: alivyokuwa mtukutu, alivyokimbia hesabu, alivyokutana na mkewe. Nusu saa nzima, kwa saa ya mkononi mwangu, inakwenda kwenye maisha yake. Tumevumilia na hiyo.

Zamu ya mwanangu ikafika. Kapanda jukwaani, kashika maiki kwa mikono miwili kwa sababu ni nzito. Ubeti wa kwanza umepita, wa pili umepita, watu wameanza kutulia. Wa tatu:

Shule ni kama bahari, kina chake ni kirefu,
Mwalimu yuko tayari,

Hapo. HAPO HAPO. Mkono umetoka juu kama wa mtu anayechuma embe, maiki imekwenda. "Asante sana mtoto mzuri, muda si rafiki, mpigieni makofi!" Na watu wakapiga! Mwanangu kasimama pale, vidole bado vimejikunja kama vimeshika kitu, mdomo wazi. Kipande cha pili cha mshororo kimebaki kinywani. Mizani nane, yaani silabi nane, zimebaki kinywani mwa mtoto mbele ya shule nzima!

Muda si rafiki. Nusu saa ya ndoa yake ilikuwa rafiki wa nani?

Kashuka ngazi anaangalia chini. Nimemuuliza vipi, kaniambia, "Mama, sikumaliza." Basi. Njia nzima hajasema neno jingine. Sasa hivi yuko kitandani, nimepita mlangoni, namsikia anaisema taratibu gizani: "kutuvusha bila hofu". Hicho ndicho kipande alichonyang'anywa. Anakirudia peke yake.

Narudia kwa ambaye hajaelewa: hakukosea, hakusahau, hakulia. Kapokonywa.

Siti ya Mbele:
Nimeshakaa. Uzi huu utafika mbali.

Kalamu Butu:
Pole sana mkuu. Ni yule anayewasimamisha wazazi wacheze kwa nguvu? Aliwahi kumnyanyua baba yangu mzee, na magoti yake yale. Mzee mpaka leo akisikia neno "sherehe" anashika kiti.

Upepo wa Jioni:
Ndiye huyo huyo. Na mimi ni mama, si mkuu.

Kalamu Butu:
Samahani mama. Pole sana.

Jiwe la Pembeni:
Yaani mtu mzima umefungua uzi kwa ajili ya ngonjera? Beti sita, juani, baada ya hotuba ile? Huyo mshereheshaji mpeni cheti. Mimi ningeipokonya kwenye ubeti wa kwanza.

Upepo wa Jioni:
Ngonjera ni ya majibizano, watu wawili au zaidi. Lile ni shairi. Ungekuwa umewahi kuachiwa maiki shuleni ungejua tofauti.

Siti ya Mbele:
Jiwe limepata jibu la jiwe.

Zamu ya Usiku:
Mimi nimekwama kwenye watoto kusimama mistari kwa karibu saa 3 nzima. Nafanya kazi wodini, na kila msimu wa sherehe hizi tunaletewa watoto walioanguka. Mtoto akisimama wima bila kujongea, damu inakaa miguuni, inayofika kichwani inapungua, anadondoka. Jua likiongezeka ndiyo kabisa. Walimu waambieni watoto walegeze magoti, wachezeshe vidole ndani ya viatu, wanywe maji. Na anayeanguka alazwe, miguu iinuliwe kidogo. Msimwinue mkamkalisha kwenye kiti kwa sababu mgeni rasmi anatazama! Niliona hilo kwa macho yangu mwaka jana. Nilitaka kupanda jukwaani mwenyewe.

Mzazi wa Z:
Mnaongea vitu vidogo. Mwanangu jina lake linaanza na Z. Kila mwaka vyeti vinagawiwa kwa alfabeti. Watoto wa A wanapokelewa na mgeni rasmi, makofi, picha, mkono, maneno mawili ya hekima. Wakifika M mgeni rasmi ana "dharura". Wakifika S mpiga picha anafunga begi. Wangu kapokea cheti kutoka kwa kijana aliyekuwa anakunja turubai. Namshukuru yule kijana, alimpa mkono vizuri kabisa. Lakini miaka 7 mfululizo jamani? Hivi kuanzia mwisho mwaka mmoja tu kunawauma nini?

Herufi ya Kwanza:
Wangu anaanza na A na yeye analalamika kuwa kila jambo anaanza yeye, hata sindano.

Mzazi wa Z:
Nitabadilishana nawe kesho asubuhi.

Fundi Waya:
Mama mwenye uzi, swali. Alipopokonya maiki ulisikia mluzi mkali, ule wa kutoboa sikio?

Upepo wa Jioni:
Ndiyo! Ulilia mpaka watoto wa mbele wakaziba masikio.

Fundi Waya:
Nilijua. Nafunga mitambo kwenye sherehe, na watu wa namna hiyo ndio adui zangu. Ule mluzi unatokea maiki ikisikia sauti ya spika yake yenyewe. Inaichukua, inairudisha kwenye amplifaya, inatoka tena kubwa zaidi, inazunguka hivyo hivyo mpaka inakuwa mluzi. Maiki ikae nyuma ya spika. Mimi nachora hadi mstari kwa chaki. Mtoto wako alisimama nyuma ya mstari, nina uhakika, watoto wananisikiliza. Huyo bwana akipata maiki anatembea mbele ya spika kama anakagua gwaride, halafu watu wananigeukia MIMI wananitazama vibaya. Na anaipiga kofi kichwani kupima kama inafanya kazi. Maiki haipigwi, maiki inaongeleshwa!

Upepo wa Jioni:
Asante fundi. Alisimama kwenye mstari wako au wa fundi mwenzako, vidole vya miguu havijauvuka. Hata mstari wa chaki kauheshimu. Yeye hajaheshimiwa hata mshororo mmoja.

Baba Mapacha:
Naongeza langu. Kwa nini watoto wa chekechea wanavalishwa majoho na zile kofia za mraba? Wangu wawili wamevaa, mmoja haoni mbele, mwingine kakanyaga pindo, kaanguka mbele ya meza kuu. Wamehitimu nini? Kufunga zipu?

Rafu ya Juu:
Majoho asili yake ni vyuo vikuu vya Ulaya zama za kati: Bologna, Paris, Oxford. Wanafunzi wengi walikuwa watu wa kanisa, ndiyo yakawa mavazi ya kikasisi, na majengo yale ya mawe yalikuwa na baridi, hivyo nguo ndefu ilikuwa na kazi yake. Mtoto wa miaka 6 mnamvalisha kinga ya baridi ya Oxford juani, halafu mnashangaa ametoka jasho.

Baba Mapacha:
Hili naliprinti napeleka ofisi ya mwalimu mkuu Jumatatu.

Mama Chekechea:
Acheni majoho yetu. Mimi sikuvaa joho maishani mwangu, shule iliniishia njiani. Siku nilipomwona mwanangu kavaa lile la bluu nililia, na picha iko ukutani. Kama anatoka jasho nitampepea.

Baba Mapacha:
Sawa dada, hapo sina neno. Ila pindo wapunguze.

Kipimo:
Turudi kwenye shairi. Nimeuhesabu mshororo wa pili mnaoulilia. M-wa-li-mu-yu-ko-ta-ya-ri. Tisa. Mizani imezidi. Mama, mtoto kakatwa kwenye kosa.

Upepo wa Jioni:
ETI NINI?

Mwalimu wa Zamu:
Kipimo, hesabu upya, umetuaibisha. "Mwa" ni silabi moja, mw inafuatwa na irabu. M inasimama peke yake kama silabi ikifuatwa na konsonanti kama t au s: m-to-to, m-sa-fi-ri. Kwa hiyo mwa-li-mu-yu-ko-ta-ya-ri, nane kamili. Na ku-tu-vu-sha-bi-la-ho-fu, nane. Jumla 16. Vina vya kati ri na ri, vya mwisho fu na fu. Huyo mtoto wa miaka 9 anajua anachofanya. Kukata tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) kwenye ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, kabla utao, kipande cha pili, haujaja ni sawa na kumtoa mtu kinyozini kanyolewa upande mmoja.

Upepo wa Jioni:
Mwalimu, Mungu akupe maisha marefu. Ndicho nilichokuwa natafuta neno lake tangu mchana. Upande mmoja! Kanyolewa upande mmoja mbele ya watu, na mkono ule juu yake, na makofi.

Kipimo:
Nakubali kuhusu "mwa". Lakini bado nasema watoto wafundishwe mashairi huru, yasiyobanwa na vina na mizani. Mambo ya kuhesabu silabi kwa vidole yamepitwa.

Mwalimu wa Zamu:
Umeshindwa kuhesabu, sasa unataka hesabu ifutwe.

Rafu ya Juu:
Jamani msituanzishie tena ugomvi wa miaka ya 1970. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, na wanausasa, watetezi wa mashairi huru, walishachaniana mashati kwenye hili mpaka wakachoka, na aina zote mbili zinafundishwa leo.

Kipimo:
Hawakuchoka. Wanamapokeo walielemewa.

Mwalimu wa Zamu:
Walielemewa wapi? Nitajie shule moja inayofunga mwaka bila shairi la vina.

Jiwe la Pembeni:
Nilisema uzi huu ni wa ngonjera. Sasa mnaona mnavyojibizana.

Upepo wa Jioni:
Jamani. Mtoto KAPOKONYWA MAIKI. Naomba tuongelee mkono. Mkono ulivyotoka juu.

Fundi Waya:
Niongeze moja kuhusu betri za maiki zisizo na waya. Watu wanaweka zilizotoka kwenye rimoti.

Zamu ya Usiku:
Na kamba za turubai zifungwe kitambaa cheupe zionekane. Mwaka huu wawili wamejikwaa, mmoja mguu umetoka kwenye kifundo.

Kalamu Butu:
Mpiga picha je? Aliyesimama mbele yangu sherehe nzima! Ninazo picha 60 za mgongo wake. Mwanangu yuko kwenye moja, sikio tu.

Mzazi wa Z:
Wewe una sikio. Mimi sina kitu, mpiga picha alishaondoka.

Upepo wa Jioni:
Mtoto ameamka kuomba maji. Kanikuta nasoma hapa, kauliza ni akina nani, nikamwambia ni watu wanaongea kuhusu shairi lake. Kasimama na kikombe mkononi, kafikiri, halafu kauliza kama mnataka ubeti wa nne.

Mwalimu wa Zamu:
Tunautaka. Aanzie wa tatu, pale alipoachia.

Kipimo:
Auweke. Ila vina vya mwisho vibaki fu, asibadilishe.

Mwalimu wa Zamu:
Kila ubeti unaweza kuwa na vina vyake wewe! Kinachorudi ni kibwagizo, kama kipo. Nani alikufundisha?

Kipimo:
Nilikuwa nachukua Kiingereza.

Mzazi wa Z:
Mkimaliza turudi kwenye vyeti.