Gari lenye dhamana likigongwa: wakala, gereji ya bima au fundi wa mtaani?

MzeeWaTegeta
Wakuu, pikapu yangu niliinunua mpya kwa wakala hapa Dar es Salaam, na dhamana yake ya miaka 3 au kilomita 100,000 haijafika hata nusu. Juzi daladala ilisimama ghafla pale Mwenge nikaivaa kwa nyuma. Bampa, taa ya kushoto na rejeta vimeumia. Nina bima kubwa. Kampuni ya bima inanielekeza kwenye gereji iliyo katika orodha yake, wakala anataka nilipeleke kwake kwa bei ya juu, na fundi wangu anasema spea zote zipo Ilala. Naomba ulinganisho kwa upande wa dhamana tu, maana nimeambiwa kuwa gari likishagongwa dhamana imekwisha.

Bi_Saada
Aliyekuambia hivyo amekutisha bure, mkuu. Dhamana ya mtengenezaji hufidia kasoro za kiwandani, na ajali haimo humo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana ukakata bima. Kinachotoka kwenye dhamana ni sehemu zilizoumia, pamoja na chochote kitakachoharibika baadaye kwa sababu ya pigo hilo au ya matengenezo yake. Kioo cha umeme cha mlango wa nyuma kikigoma mwezi ujao, wakala hana pa kukwepea.

Kwako wasiwasi ni rejeta. Ikifungwa vibaya itavujisha maji polepole, injini itachemka, gasketi ya silinda hedi itaungua, na siku utakapokwenda kudai injini, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeifunga rejeta hiyo na ilitoka wapi. Kazi ikifanywa kwa wakala, jibu limo kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Kwa fundi wa mtaani, hata akiwa hodari, hakuna karatasi.

Kamau_Thika
Gereji ya bima isidharauliwe. Iombe kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba vipuri vitakuwa halisi na vipya, kisha ulipe wakala alikague gari baada ya kazi. Kama pikapu yako ina kamera nyuma ya kioo cha mbele au sensa kwenye bampa, uliza mapema kama gereji hiyo ina kifaa cha kuzipima upya, kwa sababu nyingi hupaka rangi vizuri na kuishia hapo.

Mswahili_Minnesota
Huku Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 humzuia mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri au karakana ya chapa yake, ila akivitoa bure. Akikataa dai, inampasa aonyeshe kwamba kipuri kile ndicho kilicholeta hitilafu. Hata hivyo, gari likiandikwa na bima kuwa limeharibika kabisa, dhamana yote kwa kawaida huondoka.

MzeeWaTegeta
Nashukuru. Nimeegemea kwa wakala, na tofauti ya bei nitaibishania na bima. Je, dhamana ya kutu nayo?

Bi_Saada
Bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya hutoka kwenye dhamana hiyo. Bodi iliyobaki haiguswi. Mwombe wakala aorodheshe kwenye ankara kila bati lililoguswa, na usisaini fomu ya kupokea gari kabla ya kuiona orodha hiyo.