Wasifu wa Binti Yetu: Mazungumzo ya Kikundi cha Familia

Baba Mkubwa (Tukuyu): Wapendwa wanafamilia, poleni tena kwa msiba. Ibada ya arobaini itafanyika Jumamosi hapa nyumbani, na mchungaji ameomba wasifu wa marehemu umfikie kabla ya Alhamisi jioni. Nimeweka rasimu hapo juu, yenye mwaka wa kuzaliwa, shule alizosoma, shahada zake mbili za baiolojia na utumishi wake katika kwaya ya vijana. Mwenye nyongeza aseme, ila tukumbuke kwamba watu watakuwa wamekaa chini ya turubai, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Mdogo wa marehemu (Mbeya): Shikamoo Baba Mkubwa, shikamooni wazazi wote. Nimeisoma rasimu, na kila kilichoandikwa ni kweli. Hata hivyo, mtu asiyemfahamu dada akiisikia atajua alisoma wapi na bado hatajua alikuwa akifanya kazi gani. Neno “mtafiti” linatokea mara moja tu, tena baada ya habari za kwaya.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Marahaba, mwanangu. Niseme wazi kwamba hata mimi niliyemlipia ada sikuwahi kuielewa vizuri kazi hiyo. Nilijua kwamba mvua zikianza anakwenda juu kwenye uwanda wa Kitulo, na kwamba atarudi na matope hadi magotini. Watu sokoni walipouliza, niliwajibu kwamba anasomea maua.

Shangazi (Matamba): Kaka, alikuwa akisomea maua kweli, ila si kwa ajili ya uzuri wake. Alikuwa akifikia kwangu kila msimu, kuanzia Novemba okidi zinapoanza kuchanua, na kilichomleta ni kinaka, yaani okidi zenye viazi vinavyoliwa. Sisi wa huku tumekua tukiona watu wakiichimba kwa jembe na kujaza magunia, nayo magunia yakishushwa hadi Tunduma na kuvushwa kwenda Zambia, ambako huiita chikanda. Viazi vyake husagwa, vikachanganywa na karanga na magadi, vikapikwa mpaka vikashikamana, kisha vikakatwa vipande vya kuuza. Jioni moja aliketi jikoni kwangu, akaweka kiganjani viazi viwili vya mmea mmoja, kimoja kimesinyaa na kuwa cha kahawia, kingine kigumu na cheupe. Akaniambia, “Shangazi, hiki kilichosinyaa ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, na hiki kigumu ni akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji anakitaka hiki kigumu.” Nimezeeka nikipita juu ya mimea hiyo, na sikuwa nimeliona jambo hilo.

Mjomba (Iringa): Hilo la viazi viwili liingie katika wasifu kama Shangazi alivyolieleza. Nami naomba itajwe Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kwa jina, kwa kuwa wengi watakaokuja hawajui thamani yake. Ilitangazwa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea badala ya wanyama wakubwa. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Mjomba (Iringa): Liko na la kipunji. Mwaka huohuo wa 2005 kima huyo wa misitu ya Rungwe na Livingstone alitangazwa kwa ulimwengu, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Binti yetu alikuwa bado shule ya msingi, na aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Alipokuwa mkubwa, kilichomvutia zaidi katika habari hiyo ni kwamba watafiti walianza kwa kuwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa wakimtaja mnyama huyo, ndipo wakaenda msituni kumtafuta. Kwa maoni yangu, kazi yake yote ya kinaka aliijenga juu ya mfano huo.

Mwalimu mstaafu (jirani): Nakubaliana na Mjomba. Ila tusimfanye malaika. Alikuwa mbishi, na ahadi ya saa nne kwake ilikuwa saa sita.

Shangazi (Matamba): Ubishi huo Mwalimu anausema kwa haki, na huku ulimsaidia. Mwanzoni wapo waliomshuku kwamba ametumwa na askari wa hifadhi, na kina mama walikuwa wakinyamaza akifika kisimani. Hakuwagombeza wala hakuwahubiria. Alikaa nao, akavuna nao viazi mviringo na pareto, akawauliza wanachimba wapi, gunia linajaa kwa muda gani sasa na lilikuwa likijaa kwa muda gani zamani. Katika madaftari yake yote hakuandika jina la mchimbaji hata mmoja.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Nashukuru, dada. Kwa kuwa madaftari hayo tunayo, napendekeza tuchapishe ukurasa mmoja nyuma ya ratiba ya ibada, ili watu wauone mwandiko wake.

Mdogo wa marehemu (Mbeya): Baba Mkubwa, wazo ni jema, lakini ukurasa tuuchague kwa makini. Karibu kila ukurasa una vipimo vya mahali okidi zilipo, na mtu mwenye simu anaweza kuvifuata hadi kwenye mmea wenyewe. Dada hakuvionyesha hata kwangu. Kwa sababu hiyohiyo naomba mtu yeyote asirushe picha za madaftari humu kikundini. Msimamizi wake chuoni ameyaomba, na nadhani akabidhiwe yeye, sisi tubaki na nakala.

Mjomba (Iringa): Ni sahihi kabisa. Akabidhiwe kwa maandishi, na yeye asaini.

Mdogo wa marehemu (Mbeya): Upo ukurasa mmoja usio na vipimo. Ameandika hivi: “Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa udongoni atakayeilisha. Wanaoniambia kwamba tutamwaga tu mbegu mahali palipochimbwa, niwaulize: na kuvu tutamwaga?” Hapo utausikia ubishi anaousema Mwalimu.

Mama mzazi: Huo ndio uchapishwe. Nimewasoma wote tangu asubuhi, nikashindwa kuandika. Aliniaga Jumapili akiwa mzima, akiuliza kama koti lake zito limekauka, na Jumanne tukapigiwa simu. Nina ombi moja. Maneno yanayosemwa mtaani, kwamba kijana hafi hivi pasipo mkono wa mtu, yasipewe nafasi nyumbani kwangu. Daktari alitueleza kwamba damu iliganda ikaziba mshipa wa mapafu. Mwanangu alitafuta sababu za mambo kwa kuchunguza, na sitakubali kifo chake kielezwe kwa uvumi.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Tumekusikia, shemeji. Nitaliandika hilo la daktari katika wasifu kwa sentensi moja, ili lisomwe na mchungaji mwenyewe mbele ya watu wote. Habari za shule nitazifupisha, viazi viwili vitafuata, kisha Kitulo. Kwaya itabaki, kwa sababu nikiiondoa wanakwaya wenzake watanidai.

Shangazi (Matamba): Mimi nitashuka Ijumaa kwa gari la asubuhi kupitia Isyonje. Wapo kina mama wa huku, baadhi yao walikuwa wachimbaji, ambao wameniomba waje nami. Wanaogopa kwamba familia itawauliza walichokuwa wakifanya bondeni.

Baba Mkubwa (Tukuyu): Waje, na hakuna atakayewauliza neno. Watalala nyumba kubwa pamoja nawe. Nitajie idadi yao kesho ili magodoro na chakula vitoshe.

Mama mzazi: Nami nitakuwa mlangoni kuwapokea. Waambie wavae nguo nzito, huku nako usiku ni baridi.