Wauza betri, LR625 SIO PX625! Mnatuharibia filamu

Wakuu, hili jambo limezidi sasa. Mtu anaulizia betri ya kamera za zamani za filamu, Minolta SRT 101, Olympus OM-1 au Canonet, anapewa ya alkalaini, pakiti imeandikwa LR625 au PX625A, na muuzaji anaapa kuwa ni ileile. Si ileile! PX625 ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na ilikaa hapohapo karibu mpaka inakufa. Ya alkalaini inaanza na 1.5, halafu inashuka taratibu kadiri inavyotumika. Umbo linaingia, mfuniko unafunga, sindano ya kipima mwanga inacheza, mteja anaondoka kifua mbele.

Kamera hizo mita yake ya mwanga, ya kihisio cha CdS (kadmiamu salfaidi), haina cha kudhibiti volti. Volti ikizidi, sindano inapanda kuliko mwanga uliopo, nawe unafunga tundu la lenzi bure. Negativu inatoka nyepesi, vivulini hakuna kitu. Slaidi ndiyo kabisa, giza tupu. Na tuache kudanganyana eti "shusha ISO tu" (namba ya wepesi wa filamu unayoipa mita): kosa la kwenye jua kali si sawa na la ndani ya nyumba, na kwa alkalaini linahama kila volti inapopungua. Hata swichi ya BC (ya kupima betri) ya SRT haikuokoi, inaangalia kama betri ina nguvu ya kutosha, haikwambii kwamba volti imezidi.

Zebaki tusahau. Marekani ilipiga marufuku vibetri hivyo 1996, na Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ukataka vikome kutengenezwa kufikia 2020. Ila mbadala halali upo, tena wa bei ndogo!

Nenda famasia au kliniki ya masikio, chukua betri namba 675 za shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia): zinki na hewa, volti 1.4. Kipenyo chake ni mm 11.6 na urefu 5.4, wakati chumba cha betri kinataka kama 16 kwa 6. Ivishe pete ya mpira ijae pembeni, kimo kilichopungua ukijazie karatasi ya alumini iliyokunjwa. Alumini isiguse chanya na hasi kwa pamoja, itapiga shoti. Kama kamera yako inashika chanya ubavuni, mpira utakata mawasiliano, kwa hiyo weka pete ya shaba. Bandua stika inayoziba vitundu vya betri, subiri dakika chache hewa iingie, ndipo ufunge, na vitundu usivizibe. Stika ikishatoka betri inaanza kukauka hata usipopiga picha, kwa hiyo hesabu wiki, usitegemee mwaka.

Anayejua kulehemu atumie betri ya SR44 ya silva (oksidi ya fedha), volti 1.55, na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) aina ya Schottky kama BAT83 kwenye waya wa hasi, mstari wa dayodi uelekee betri. Inakula karibu volti 0.2, unabaki na 1.35. Dayodi ya kawaida ya silikoni usiiweke, inakula volti nyingi mno.

Wenye Pentax Spotmatic ndio wamesalimika: saketi ya mita yao ni ya daraja, isiyoyumbishwa na tofauti ya volti, silva haiwasumbui.

Wauzaji, andikeni volti na kemia kwenye tangazo, basi! Na anayejua panapouzwa BAT83 reja reja, Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi), ataje duka na bei hapa.