Tupeane uzoefu: umewahi kuishi karibu na tajiri asiye na raha, kama Kane wa Citizen Kane?

Mleta mada:
Wakuu, shikamoo kwa wakubwa. Nimeirudia Citizen Kane, sinema ya mwaka 1941 ambayo Orson Welles aliiongoza na kuigiza akiwa kijana wa miaka 25. Kane anatolewa kwa wazazi akiwa mdogo na kulelewa na mtu wa benki, kisa mama kapata mgodi wa dhahabu. Anakuja kumiliki magazeti, anagombea ugavana na kuangushwa na kashfa, anafia Xanadu, jumba lake la Florida lililojaa sanamu ambazo nyingine hata hazijatolewa kwenye makasha.

Kinachoniuma zaidi ni Susan, mke wa pili. Binti wa watu alipenda kuimba tu. Kane akamjengea jumba la opera Chicago, akamsukuma jukwaani na sauti yenyewe haitoshi, magazeti yakamponda. Mpaka alipomeza dawa nusura afe ndipo akaruhusiwa kuacha.

Nimelelewa na baba mdogo mwenye malori, na tabia ni ile ile. Mama mdogo alitamani kurudi kufundisha. Akafunguliwa duka kubwa la vitambaa. Kila mtu akampongeza, yeye analia stoo. Nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa kwanza:
Nimekuwa dereva Muscat. Mzee niliyekuwa namwendesha alikuwa mtu mwema sana, ila kesi ya mirathi ilimgombanisha na ndugu zake wote. Ijumaa linapikwa sinia la watu wengi, hatokei mtu. Ananiita mimi na mpishi tukae tule naye. Hakuna siku aliyowasema vibaya nduguze, alikuwa anauliza tu kama simu imelia.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, pesa tusiisingizie. Mama yangu alikufa tukihangaika kutafuta hela ya dawa, ile nayo si raha. Mtazameni Bernstein, meneja wa Kane: naye ana mali, ametulia ofisini, anamkumbuka binti mwenye gauni jeupe aliyemwona kwenye kivuko mwaka 1896, mara moja tu. Kane alitaka kupendwa kwa masharti yake, na hilo hata fukara anaweza kulifanya.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi iliyonigusa ni ile sehemu ya kifungua kinywa. Kane na mke wa kwanza, Emily, wanaanza wakibembelezana. Miaka inapita kwa dakika chache, mwisho mke anasoma gazeti la wapinzani wa mumewe, hawasemeshani. Mume wangu alipopata udiwani, chai ikawa ya wageni wake, mimi nahudumia. Nilivumilia kwa ajili ya watoto, kisha nikaondoka. Mleta mada, mama mdogo aliishia wapi?

Mleta mada:
Pole sana dada. Alirudi kufundisha, yuko darasa la pili. Duka lilifungwa, na baba mdogo mpaka leo haelewi kosa lake ni lipi, anasema alimpa kila kitu.