Mjadala: Je, polisi wa Kanada waachiwe wajirekebishe wenyewe?

Ndugu aliyefungua mjadala huu ametuwekea swali zito kuhusu RCMP, yaani Jeshi la Polisi la Kifalme la Kanada: baada ya wanawake zaidi ya elfu mbili kulipwa fidia kwa unyanyasaji waliotendewa kazini, je, jeshi hilo liachiwe lijirekebishe chini ya makamanda wake, au mamlaka juu ya malalamiko, nidhamu na vyeo yaondolewe mikononi mwa wenye sare? Yeye anaona kwamba jeshi limekwisha kuomba radhi, limekwisha kuongozwa na mwanamke, na kwamba kuliingilia zaidi kutavunja ari ya askari waadilifu, ambao ndio wengi. Ninaiheshimu hoja yake, ila siikubali, na naomba nieleze sababu zangu.

Wanawake 32 wa kwanza waliapishwa Septemba 1974, wakapelekwa kwenye chuo cha jeshi mjini Regina, katika jimbo la Saskatchewan. Walipewa sketi, viatu vya kisigino na mkoba mdogo wa kubebea bastola. Hebu tulitafakari jambo hilo: askari anayetarajiwa kumkabili mhalifu anatakiwa kwanza afungue mkoba. Ilichukua hadi mwaka 1990 ndipo wanawake wakaruhusiwa kuvaa mavazi yale yale rasmi ya wenzao wanaume. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza jeshi liliwapokea wanawake bila kujiuliza ni nini ndani yake kinachopaswa kubadilika ili wafanye kazi kwa usalama.

Mwaka 2011 Koplo Catherine Galliford alijitokeza hadharani kueleza unyanyasaji aliosema aliupata kwa miaka mingi huko British Columbia. Mwaka uliofuata Janet Merlo alifungua kesi ya pamoja kwa niaba ya wenzake, na baadaye Linda Davidson akafungua ya kwake. Serikali ilikubali kumaliza kesi hizo nje ya mahakama mwaka 2016, na mkuu wa jeshi wa wakati huo, Bob Paulson, akaomba radhi mbele ya umma. Jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, Michel Bastarache, alikabidhiwa kazi ya kuyapitia madai. Yaliwasilishwa madai 3,086. Wanawake 2,304 wakalipwa, na jumla ya fidia ikapita dola milioni 125 za Kanada. Katika ripoti yake ya Novemba 2020, jaji huyo hakusema kwamba wapo askari wachache wabaya. Alisema kwamba tatizo limo katika utamaduni wa jeshi lenyewe, na kwamba mabadiliko ya kweli hayaelekei kutokea pasipo shinikizo huru kutoka nje.

Ndugu yetu ameandika kwamba haya ni makosa ya watu wachache. Wahenga wetu walikwisha kulitazama jambo hilo kwa jicho jingine, wakasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na hawakumaanisha kwamba kila samaki ana hatia. Walimaanisha kwamba kapu lililoachwa na samaki aliyeoza haliwezi kuaminika. Mimi sidai kwamba kila askari wa Kanada ni mnyanyasaji. Nauliza ni nani mwenye kazi ya kulikagua kapu, na kama mtu huyo ana ujasiri na mamlaka ya kumtoa samaki aliyeoza hata akiwa na nyota begani.

Nimefanya kazi katika idara ya utumishi kwa miaka mingi, na nimeona namna jalada la malalamiko linavyosafiri. Katika taasisi moja niliyopata kuitumikia, dada mmoja aliandika barua dhidi ya mkuu wake wa kitengo. Barua iligongwa muhuri masjala, ikapandishwa kwa mkurugenzi, mkurugenzi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu “Mkuu wa Kitengo, toa maelezo”, na kabla ya saa tisa alasiri barua ile ilikuwa mezani kwa yule yule aliyelalamikiwa. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Utaratibu ndivyo ulivyotaka. Miezi michache baadaye dada yule alipata uhamisho ambao hakuuomba.

Sasa tuuhamishie utaratibu wa namna hiyo kwenye kituo kidogo cha polisi kaskazini mwa Kanada, chenye askari watatu au wanne, mji mwingine ukiwa mbali na barabara zikifungwa na theluji. Anayekunyanyasa ndiye anayeandika tathmini yako ya mwaka, ndiye anayepanga zamu, na usiku ukiitwa kwenye nyumba yenye mtu mwenye bunduki, ndiye utakayemwita kwenye redio akusaidie. Miongoni mwa mambo yaliyosimuliwa kwa jaji Bastarache ni wanawake kuachwa bila msaada kazini. Kwa askari, hilo linagusa uhai wake. Mwanamke aliye katika hali hiyo hawezi kulalamika kwa kupitia ngazi za jeshi, hata ukimwandikia kanuni nzuri namna gani.

Lipo jambo jingine ambalo nadhani wengi hatujalipa uzito. Utaratibu wa fidia ulikuwa wa siri, na kwa sababu nzuri: bila siri hiyo, wengi wasingethubutu kusema. Lakini kwa kuwa ulikuwa wa siri na waliotuhumiwa hawakuitwa kujibu, haukuweza kumwadhibu mtu yeyote. Fedha zilitoka hazina, yaani mfukoni mwa mwananchi. Waliolipwa wengi wao walikwisha kuacha kazi ama afya zao zilikwisha kuharibika, na waliotajwa na walalamikaji hawakuguswa na utaratibu ule, awe bado yuko kazini au amekwisha kustaafu na pensheni yake. Naona ni dhuluma pande zote, kwani hata aliyesingiziwa, kama yupo, hakupata nafasi ya kujisafisha. Chombo huru chenye uwezo wa kuchunguza, kuwasikiliza wote wawili na kutoa adhabu kingewatendea haki wote.

Wala pendekezo la kuweka usimamizi wa kiraia si geni. Jopo lililoongozwa na David Brown lilipendekeza bodi ya kulisimamia jeshi mwaka 2007. Mwaka 2019 serikali iliunda bodi, lakini ikaipa kazi ya kumshauri mkuu wa jeshi. Kushauri na kuamuru ni vitu viwili, na miaka kumi na miwili ilipita ili kupata kile kidogo.

Haki inanidai niseme pia lililofanyika. Tangu 2021 kipo kituo maalumu cha kupokea malalamiko ya unyanyasaji, nje ya mlolongo wa kawaida wa amri, na hiyo ni hatua kubwa kuliko ile barua ya kalamu nyekundu. Hata hivyo kituo hicho bado ni sehemu ya jeshi, na uamuzi wa kumwadhibu askari aliyekosa unabaki kwa wenye mamlaka ya nidhamu ndani ya jeshi hilo hilo. Kuhusu Brenda Lucki, mwanamke aliyeshika uongozi wa jeshi kuanzia 2018 hadi 2023, sioni kwamba mtu mmoja angeweza kubadili muundo ambao sheria haikumpa uwezo wa kuubadili.

Wachangiaji kutoka Kenya watanikumbusha kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 246, iliunda tume ya kuajiri, kupandisha vyeo na kusimamia nidhamu ya polisi, na bado tume hiyo na Inspekta Jenerali wamevutana kuhusu ajira. Ni kweli. Kwangu mimi mvutano huo unaonyesha kwamba mamlaka yakihamishwa nusu nusu, kila upande hushika kamba yake, kwa hiyo Kanada ikiamua, sheria iseme waziwazi nani mwenye neno la mwisho.

Nafasi ipo. RCMP hulinda majimbo manane kati ya kumi kwa mikataba inayokwisha mwaka 2032, na majimbo hayo ndiyo hulipa sehemu kubwa ya gharama. Mji wa Surrey, huko British Columbia, umekwisha kuanzisha polisi wake badala ya RCMP. Jimbo linaloketi kuzungumzia mkataba mpya linaweza kuweka sharti kwamba nidhamu ya unyanyasaji iamuliwe na chombo kisichovaa sare, na Bunge likatunga sheria ya kulitimiza sharti hilo. Ningependa ndugu aliyefungua mjadala atujibu hapo: kama anapinga sharti hilo, yule askari wa kituo cha watu wanne apeleke barua yake kwa nani?