Bendi ya sauti ya chini jukwaani: je, inafaa kulipia kiingilio?

Mkazi wa Nyamanoro

Wakuu, habari za jioni. Desemba nitakuwa New York kikazi, na siku zangu za huko zitaangukia Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, wakati ambapo bendi ya watu watatu ya Yo La Tengo ina desturi ya kupiga usiku nane mfululizo katika ukumbi wa Bowery Ballroom. Nimewasikiliza kwa miaka mingi, hasa umeme unapokatika na mtaa wetu ukatulia, kwa sababu Georgia Hubley huimba kama mtu anayezungumza na jirani yake, huku akipiga dramu mwenyewe bila papara. Lakini maonyesho niliyoyazoea ni ya Uwanja wa CCM Kirumba, ambako besi hukugonga kifuani ungali nje ya geti, na msanii asiyerukaruka huonekana hajafanya kazi. Hawa watatu husimama, hupiga, hubadilishana vyombo, hushukuru, basi. Je, ukumbini nitapata zaidi ya ninachokipata kwenye simu? Natanguliza shukrani.

Fundi Sauti, Igoma

Nenda, mkuu. Kabla ya kutazama jina la bendi, tazama ukubwa wa ukumbi, na ule huchukua watu wasiofika 600. Kirumba ni mahali pa wazi, sauti inapotea hewani, kwa hiyo sisi mafundi hulazimika kuisukuma mpaka kila chombo kinakuwa kelele moja. Katika ukumbi mdogo uliojaa, miili na nguo za watu hunyonya mwangwi, na vitu vidogo hubaki wazi: brashi inasikika ikikwaruza ngozi ya dramu, na mwimbaji anasikika akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Simama hatua chache mbele ya meza ya mitambo ya sauti, kwa kuwa fundi hurekebisha kila kitu kulingana na anachokisikia pale alipo. Beba pia vya kuziba masikio, maana upole wao ni nusu ya habari: mpiga gitaa wao, Ira Kaplan, akiamua kulivuruga gitaa, wimbo mmoja unaweza kupita dakika 10 katika ngurumo tupu.

Mdau wa Pasiansi

Kwa heshima zote, mimi nasita. Niliwahi kumsikiliza mpiga gitaa mpole katika baa moja jijini Nairobi, na nusu ya nyimbo zake zilimezwa na mazungumzo ya watu waliokuwa wakinywa. Muziki wa namna hiyo unategemea adabu ya watu usiowajua, na adabu hiyo hainunuliwi kwa tiketi.

Binti wa Bukoba

Kaka wa Pasiansi umegusa penyewe, ila mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Kwetu Kagera, waimbaji wa tendi walitumia nanga, ambayo ni nyuzi zilizotandazwa juu ya mti uliochongwa kama kihori. Sauti yake haifiki mbali, kwa hiyo msikilizaji ndiye aliyesogea na kunyamaza. Bendi ya Low, iliyoanza mwaka 1993 mjini Duluth, Marekani, kando ya Ziwa Superior, ambalo ndilo pekee la maji baridi linalolizidi Victoria kwa eneo, ilikuwa na mbinu hiyohiyo: watu wakipiga soga, wao walishusha sauti badala ya kuipandisha, na waliokuwa wakizungumza wakajikuta wanajisikia wenyewe. Mwanamama aitwaye Mimi Parker, aliyepiga dramu na kuimba humo, alifariki mwaka 2022, na nasikitika kwamba sitamwona kamwe. Anayeweza kuwaona Yo La Tengo wakiwa bado pamoja, tangu 1984, asiahirishe.

Msukuma wa Ughaibuni

Niongeze kuhusu usiku huo wenyewe. Walianza desturi hii mwaka 2001 katika klabu ya Maxwell's, mjini kwao Hoboken, ng'ambo ya Mto Hudson. Klabu ilipofungwa mwaka 2013 desturi ikasimama, ikafufuliwa New York mwaka 2017. Kila usiku orodha ya nyimbo hubadilika, wageni hawatangazwi mapema, na mapato huenda kwa mashirika ya hisani. Wasikilizaji wengi wamekuja kwa ajili ya bendi hiyo hasa, na mwenye maongezi anaweza kushuka kwenye baa ya chini. Tiketi huisha haraka sana, kwa hiyo usingoje ufike.

Mkazi wa Nyamanoro

Ahsanteni sana, wakuu, na pole dada kwa habari ya Low, ambao sikuwafahamu na nitawatafuta leo. Nimeamua kwenda, na nitafika mapema ili nipate nafasi mbele ya meza ya mitambo. Ndugu wa Ughaibuni, kwa kuwa orodha hubadilika kila usiku, je, kuna usiku ambao wao huelekea zaidi kwenye nyimbo tulivu, au mtu huchagua tu tarehe na kupokea kitakachokuja?