Mawe ya Franceville: kwa nini mimi sikubali kuyaita "viumbe changamani"

MTOA MADA
Wakuu, ile habari imerudi tena kwenye magrupu: "Uhai changamani ulianzia Gabon miaka bilioni 2.1 iliyopita, Wazungu wakaficha." Kaficha nani? Ilichapishwa na jarida la sayansi la Nature mwaka 2010, dunia nzima ikasoma.

Kwa wasioijua: mwaka 2008 Abderrazak El Albani wa Chuo Kikuu cha Poitiers, Ufaransa, alikuta kwenye machimbo karibu na Franceville vipande bapa, vyenye mikunjo pembezoni, vingine vikubwa kama kiganja. Wenzake wakakusanya zaidi ya 250. Wakati huo tuliamini viumbe wakubwa wa mwanzo ni wa kundi la Ediakara, viumbe laini wa baharini wa miaka chini ya milioni 600 iliyopita. Mnaona pengo hilo.

Msimamo wangu: vilikuwa hai, sawa. Changamani, yaani mwili mmoja wa seli nyingi zinazoshirikiana, bado. Bakteria wakikusanyika wanatengeneza utando mpana kuliko meza, na hakuna anayeuita mnyama. Nawauliza pia: iingie kwenye vitabu vya sekondari kama ukweli uliothibitika?

CHONGOE
Afadhali wewe umekubali vilikuwa hai. Marehemu Adolf Seilacher, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe), alisema si visukuku kabisa, ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyojikulia ndani ya tope. Lakini wakavipiga picha za eksirei za pande tatu, wakaona mpangilio wa ndani, na isotopu za salfa (atomi zake zenye uzito tofauti) zikaonyesha pairaiti ilijengwa mapema, bakteria walipokuwa wakila mwili uliooza. Ili uoze lazima uwe na mwili.

Halafu umeruka utafiti wa 2019. Kwenye miamba hiyohiyo kuna vijia kama nyuzi, upana hadi milimita 6, urefu hadi milimita 170, vinapenya tabaka kwenda juu na pembeni. Utando wa bakteria hautoboi njia.

MTOA MADA
Sijaruka, nilikuwa naisubiri. Waandishi wenyewe walifananisha vijia hivyo na amiba wanaojikusanya chakula kikiisha, wakatembea pamoja kama konokono. Kila mmoja ni seli moja inayojitegemea. Ni ajabu kubwa, nakiri, ila umati wa watu sokoni si mwili mmoja.

BI MWALIMU
Mimi linalonitatiza ni ukoo. Seli zenye kiini, aina inayojenga wanyama na mimea, za kale kabisa tunazoziamini ni za kama miaka bilioni 1.65. Qingshania wa China, nyuzi za seli zilizopangana, ni bilioni 1.63. Bangiomorpha, mwani mwekundu wa Kanada, ni bilioni 1.05. Kabla ya hiyo bilioni 1.65 kuna kimya cha takriban miaka milioni 450, kisha eti Gabon. Watoto wao wako wapi?

MZEE WA MIAMBA
Bi Mwalimu, kukosa watoto si ushahidi kwamba hukuwahi kuishi.

Tazameni mazingira. Oksijeni ilikuwa imepanda hewani kwa mara ya kwanza, na Franceville ni bonde lilelile la Oklo, ambako mwaka 1972 Wafaransa waligundua urani iliyowahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia. Urani ile isingesafiri na kurundikana pale bila maji yenye oksijeni. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kuwa na mawili hayo jirani.

Mwaka 2024 timu ya Ernest Chi Fru wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, ikaongeza kwamba mabamba ya kale ya ardhi, la Kongo na la São Francisco (sasa Brazil), yalipogongana yalizingira bahari ndogo isiyo na kina, volkano za chini ya maji zikaijaza fosforasi. Shamba lenye mbolea! Lakini lilikuwa limezibwa. Uhai ukajaribu, ukashindwa kutoka, oksijeni iliposhuka ukafa hapohapo. Jaribio la kwanza halilazimiki kuwa babu wa jaribio la pili.

MTOA MADA
Mzee, hilo linaeleza kwa nini viumbe changamani *wangeweza* kuwepo. Halinionyeshi kwamba walikuwepo. Dickinsonia, kiumbe bapa wa Ediakara, alibishaniwa vilevile, kuvu au mnyama, hadi 2018 Ilya Bobrovskiy na wenzake walipopata mabaki ya kolesteroli, mafuta ya mwili wa mnyama, kwenye visukuku vya Bahari Nyeupe, Urusi. Nipeni kitu kama hicho kutoka Gabon. Zile isotopu za zinki zilizopimwa kwenye mawe hayo na kuchapishwa 2023 zinadokeza seli zenye kiini, ila ni kidokezo.

CHONGOE
Dickinsonia alipewa jina 1947, kolesteroli ikaja 2018. Gabon unaipa miaka mingapi?

MTOA MADA
Yoyote itakayohitaji. Kitabuni ndiyo isitangulie.

BI MWALIMU
Mimi nitaifundisha, na ugomvi wake wote. Wanafunzi wangu wanakariri majina ya enzi bila kujua watu wanabishania nini. Shida yangu ni ndogo tu: mtihani ukiuliza "viumbe changamani walianza lini", mnataka nisahihishe jibu lipi?